Tupeane uzoefu: Mliosoma vyuo vikuu vya Kikatoliki, kazi za jamii na kuishi na wenzenu wa dini nyingine vilikuwaje?

Wakili wa Malimbe
Nawasalimu wakuu. Mimi ni Mwislamu, nimesoma sheria Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT), Mwanza. Chuo ni cha maaskofu Wakatoliki wa Tanzania, kimekuwa chuo kikuu mwaka 1998, ila mizizi yake ni kituo cha mafunzo ya jamii cha Nyegezi cha mwaka 1960. Babu aliposikia ninakwenda huko alinyamaza siku mbili.

Mwaka wa tatu tulikwenda kijijini kutoa msaada wa kisheria, tukiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Nikaeleza kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume. Mama mmoja mjane akainuka: "Mwanangu, hiyo sheria shemeji zangu wanaijua?"

Sikuwa na jibu. Padri tuliyekuwa naye akamwomba mwenyekiti wa kijiji awaite hao mashemeji. Walikuja wamenuna. Tulikaa chini ya mwembe mpaka magharibi, mwenzetu mmoja akitafsiri kwa Kisukuma, na kuna maneno aliyarudia mara nne tano ndipo wakaelewa. Nilipotaka kuswali, yule padri ndiye aliyeniuliza nahitaji maji kiasi gani. Tangu siku hiyo kila ninachoandika kuhusu ardhi nakiandika kwa Kiswahili pia. Karibuni wengine.

Daktari wa Ziwani
Mkuu umenikumbusha mbali. Sisi wa Bugando (CUHAS, chuo kikuu cha Kikatoliki cha afya, Mwanza) tulipelekwa fildi kwenye kijiji cha wavuvi, kugawa dawa ya kichocho. Vidonge unahesabu kwa urefu wa mtu, anasimama kwenye fimbo yenye alama. Shida ni kwamba ile dawa inamezwa mtu akiwa ameshiba, vinginevyo kichefuchefu kinamtesa. Na sisi tumefika katikati ya Ramadhani, nusu ya kijiji wamefunga! Ratiba ilisema saa nne asubuhi.

Kiongozi wetu, sista, alikwenda kwa shehe wa msikiti, wakakaa kwenye mkeka wakazungumza. Wakakubaliana waliofunga wapewe baada ya futari. Shehe mwenyewe akatangaza, na akawa wa kwanza kupimwa. Tuligawa kwa taa za karabai hadi saa tatu usiku, tumelishwa mihogo na samaki. Kwangu mimi hayo ndiyo mazungumzo ya dini, yale ya ukumbini siyakumbuki hata moja.

Binti wa Eastleigh
Nilisoma Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, Lang'ata, Nairobi. Aprili 2015 magaidi walivamia Chuo Kikuu cha Garissa, wakawatenga Wakristo, wanafunzi zaidi ya 140 wakauawa. Mimi na buibui langu niliogopa hata kuingia darasani. Wasichana wawili Wakristo wakaanza kunisindikiza hadi stejini kila jioni, bila mimi kuwaomba. Wiki ya pili, tukiwa ndani ya matatu, mmoja akaniambia binamu yake alifia Garissa. Sikujua niseme nini, nikamshika mkono.

Tamko la mwaka 1965 la Mtaguso wa Pili wa Vatikano (mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki duniani), Nostra Aetate, linalosema Kanisa linawaheshimu Waislamu, nilikuwa nimelikariri kwa ajili ya mtihani. Nililisoma upya usiku ule nikilia.

Mtu wa Kilosa
Nafurahi kuyasoma haya, ila tusemezane ukweli. Chuoni kwetu (sikitaji) huduma kwa jamii ilikuwa fomu ya kugongwa muhuri. Tulikwenda kituo cha watoto na sabuni na biskuti, tukapiga picha, tukaondoka. Mtoto mmoja aliniuliza, "Kaka, mtarudi lini?" Nikamdanganya.

Lilinikaa moyoni. Baada ya mwezi nikarudi peke yangu, mlezi akaniambia sabuni zimejaa stoo, wanachokosa ni mtu wa hisabati. Nikafundisha kila Jumamosi mpaka nikamaliza chuo. Yule mtoto alikuwa anakaa dawati la mbele.