Naomba ushauri: Je, ni sahihi kufundisha kwamba Brahman na Waheguru ni Mungu yuleyule?

Mwalimu_Kibwezi:
Ndugu zangu, salaam. Ninafundisha elimu ya dini katika shule ya sekondari. Muhula uliopita niliwapeleka wanafunzi katika gurdwara (hekalu la Masingasinga) ya Makindu, ile iliyojengwa mwaka 1926 na Masingasinga waliokuwa wakifanya kazi ya reli, ambako msafiri wa barabara ya Mombasa hupewa chakula bila kuulizwa dini yake. Tuliporudi niliwaandikia muhtasari wenye sentensi hii: "Wahindu na Masingasinga humwabudu Mungu yuleyule, Brahman, ila Masingasinga humwita Waheguru." Mzazi mmoja Singasinga aliisoma katika daftari la mwanawe, akaniambia kwa upole kwamba sentensi hiyo imeifuta imani yake. Jambo hilo limeniuma, kwa kuwa nia yangu ilikuwa kupatanisha. Je, niifute, au inarekebishika?

Singh_wa_Kericho:
Mwalimu, ahsante kwa kuuliza badala ya kujitetea. Guru Granth Sahib, kitabu chetu kitakatifu ambacho Guru Arjan, Guru wetu wa tano, alikikusanya kwa mara ya kwanza mwaka 1604, hakianzi kwa neno bali kwa tarakimu: 1, kisha Oankar, jina letu la Mungu. Tarakimu hiyo inatufundisha kwamba umoja wa Mungu haugawanyiki. Zinafuata sifa zake: Kweli ndiyo jina lake, ndiye Muumba, hana hofu, hana uadui, hafungwi na wakati, hazaliwi, yupo kwa nafsi yake, naye hujulikana kwa neema ya Guru. Izingatie sifa hiyo ya kutozaliwa, ambayo sisi tunaiita *ajuni*. Katika sura ya nne ya Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, Krishna, ambaye kwao ni Mungu aliyekuja duniani, anasema kwamba kila haki inapofifia yeye hujidhihirisha duniani; kwetu Waheguru haingii tumboni mwa mama yeyote, na hata Guru Nanak (1469–1539), Guru wetu wa kwanza, hatumwabudu kama Mungu aliyezaliwa. Njia zetu zinaachana hapo hasa, wala si kwenye jina.

Binti_wa_Mvita:
Mimi ni Mhindu, nami naona sentensi hiyo imetukosea hata sisi. Mwalimu wangu, ni Brahman wa nani uliyemwandika? Walimu wetu wakubwa wa kale hawakukubaliana. Shankara alifundisha kwamba Brahman ndiye uhalisi pekee, hana sifa yoyote, na kwamba nafsi ya ndani kabisa ya mtu si kitu kingine ila huyo huyo. Ramanuja akakataa: kwake Brahman ni Mungu Vishnu mwenye sifa njema zote, na roho pamoja na ulimwengu ni kama mwili wake. Madhva, katika karne ya 13, akaenda mbali zaidi, akisema kwamba Mungu na roho ni wawili milele. Wote watatu walisoma Upanishad zilezile, maandiko yetu ya kale. Mama yangu, ambaye huwasha taa mbele ya Krishna kila alfajiri, sijapata kumsikia akilitamka neno Brahman katika sala, ingawa ukimuuliza atakwambia kwamba yupo Mmoja tu.

Mzee_wa_Vitabu:
Nawaunga mkono wote wawili, lakini Mwalimu asije akaruka upande wa pili na kuandika kwamba dini hizi hazina uhusiano. Guru Granth Sahib imejaa majina ya Ram na Hari, majina ambayo Wahindu nao humwitia Mungu, ingawa Ram huyo si yule mwana wa mfalme Dasharatha wa masimulizi ya Kihindu bali ni Yule aliyeenea kila mahali, na ndani yake zimo pia tungo za mshairi Kabir na za Sheikh Farid, Mwislamu. Lugha ya Mungu asiye na sifa na mwenye sifa, *nirgun* na *sargun*, inatumika kote kuwili. Ila Guru Arjan anasema kwamba Yeye ndiye hali zote mbili, wakati Shankara anaipa ile ya kwanza daraja la juu.

Kama nafasi ni ya mfano mmoja tu, wape wanafunzi utenzi wa Guru Nanak ambao mapokeo yanauhusisha na hekalu la Jagannath kule Puri. Wahindu huzungusha sinia la taa mbele ya sanamu. Yeye akaimba kwamba mbingu ndiyo sinia, jua na mwezi ndizo taa, na nyota ni lulu, kisha akamwambia Mungu: macho yako ni elfu, nawe huna jicho. Aliichukua ibada ya jirani, akaitandaza hadi sanamu ikakosa pa kukaa. Mimi kila niusomapo hutulia kwa muda.

Mwalimu_Kibwezi:
Nimeandika upya, naomba mnihakikie: "Wahindu wengi husema kwamba uhalisi wa juu ni mmoja, Brahman, ingawa wanatofautiana kama ana sifa au hana, na wengi huamini kwamba Mungu huja duniani katika umbo. Masingasinga walijitenga na mafundisho hayo, wakamwamini Mungu Mmoja asiyezaliwa, aliyemo katika viumbe vyote."

Singh_wa_Kericho:
Mwalimu, ondoa "walijitenga na mafundisho hayo, wakamwamini", uandike "humwamini". Sisi hatuamini kwamba Guru Nanak alipunguza kitu kutoka dini nyingine. Tunaamini kwamba alipewa neno. Sehemu iliyobaki nitamsomea mwanangu leo usiku.