Watoto wenye usonji: kitengo kila kata, au waingie darasa moja na wenzao?

Mama Wawili
Wadau, habari za jioni. Naishi Chanika, mwanangu wa pili ana miaka 8 na ana usonji (autism). Sentensi haongei, ila atakutajia vituo vya daladala kuanzia Gongo la Mboto hadi Posta bila kuruka kimoja. Ukiruka wewe, analia.

Shule ya msingi ya jirani (siitaji) alikaa wiki mbili. Kengele ikigongwa anaziba masikio na kuingia chini ya dawati. Mwalimu mkuu akaniita, akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, watafutie shule zao." Shule zao ziko wapi? Msimbazi Mseto pale Ilala wana kitengo, yaani darasa la watoto hawa ndani ya shule ya kawaida, Uhuru Mchanganyiko wanapokea watoto wenye ulemavu miaka mingi. Kutoka huku ni magari mawili, kuamka saa kumi usiku, na mtoto mwenyewe honi zinamtesa. Ya binafsi niliyoulizia, ada ya muhula ni mshahara wangu wa miezi minne.

Tumejikusanya wazazi 14, tukapeleka barua halmashauri kuomba kitengo kwenye kata na mtu mmoja wa kuwasaidia watoto darasani. Tumejibiwa kwa mdomo: bajeti haina kifungu hicho. Sasa tumegawanyika. Nusu wanasema tuachane na kitengo, tudai waingie darasa la kawaida kwa nguvu ya sheria. Nusu wanasema huko ni kuwatupa. Ninyi mnaonaje?

Kipanga Mweusi
Pole mama. Ila tuambizane ukweli. Zamani haya mambo hayakuwepo. Siku hizi mtoto anaachiwa dada wa kazi na katuni kutwa nzima, akifika miaka mitatu hasemi, mnaita usonji na mnataka serikali ilipe. Zimeni televisheni kwanza, kisha tuje kwenye bajeti.

Chumvi Kidogo
Haya, Kipanga ameshatua na kuku wamekimbia.
Usonji ulielezwa kwa jina hilo na daktari Leo Kanner, Marekani, mwaka 1943. Watoto 11. Televisheni Tanzania imeanza 1994. Wale 11 walikuwa wanaangalia katuni ipi, mkuu?

Mwana wa Malindi
Nasahihisha tu, samahani. Hiyo 1994 ni kwenu Bara. Sie Unguja tuna televisheni tangu 1973, tena ya rangi, enzi za Mzee Jumbe. Msiandike "Tanzania" mkikusudia Dar es Salaam.

Chumvi Kidogo
Sawa sheikh, ya rangi. Basi umenisaidia. Ingekuwa TV ndiyo chanzo, Unguja mngetutangulia miaka 20.

Mwana wa Malindi
Na wewe Kipanga, nani kakwambia usonji haukuwepo? Mtaani kwetu alikuwepo kijana akipanga kokwa za embe barazani kutwa, mstari umenyooka kama uliopigwa kamba. Ukisogeza moja anajipiga kichwa. Watu wakisema ana sheitani, akanyweshwa kombe (maji yaliyooshewa maandishi ya aya) mpaka akachoka. Leo ndio najua alikuwa na nini. Lakini televisheni nyumba ile haikuwepo.

Debe Tupu
Ndiyo maana nauliza, hiyo ya rangi mlikuwa nazo ngapi? Au moja mkaenda kuitazama kwa zamu?

Mwana wa Malindi
Wewe wakati huo kwenu mlikuwa mkisikiliza redio ya betri mliyoianika juani ipate nguvu. Usinichokoze.

Debe Tupu
😂 Betri kuanikwa juani ni kweli, nakubali. Ila hujajibu seti ngapi.

Mama Pili wa Laela
Mimi namjibu Kipanga, hao wa rangi waendelee. Mwanangu nimemlea mwenyewe kwa mikono yangu, Laela, Sumbawanga vijijini. Dada wa kazi sijawahi kuwa naye. Umeme ulifika nyumbani mtoto ana miaka mitano na alikuwa hasemi bado. Katuni yake ilikuwa mbuzi wa jirani. Nimeambiwa nimerogwa, nimeambiwa nilikula nini mimba ikiwa changa, leo naambiwa televisheni. Kila anayefungua mdomo ana kosa la mama mfukoni.

Kipanga Mweusi
Sijamtaja mtu. Jiwe la gizani, ukisikia "yalaa" ujue limempata mtu.

Mama Pili wa Laela
Yalaa nimesema, tena kwa sauti. Sasa niambie jiwe lako limesaidia nini. Na mbona kwenye maelezo yako yote hakuna baba? Katuni aliwasha mama, dada akaletwa na mama, mtoto akazaliwa na mama. Baba alikuwa wapi, safarini?

Kipanga Mweusi
Baba alikuwa anatafuta pesa ya hiyo televisheni.

Baba Ima
Taratibu ndugu. Wengine mababa tupo. Ima namuogesha mimi, namlisha mimi, na usiku akiamka saa nane kucheka peke yake nakaa naye mimi. Ila sitakudanganya, Mama Pili, kwenye vikao vyetu tukiwa 20 mababa ni wawili, na mwenzangu huwa anakaa nje kwenye pikipiki.

Mama Wawili, kwa upande wangu darasa moja bila msaidizi ni jina tu. Ima alikaa darasa la kwanza miezi sita. "Kujumuishwa" kwake ilikuwa kukaa nyuma karibu na mlango na kufagia. Kufagia anajua sasa, vizuri sana.

Chaki Nyeupe
Nimesoma toka juu, nimevumilia. Hapa kwa Baba Ima nimeshindwa. Mwalimu anasemwa kama mtu asiye na roho. Mimi ni mwalimu wa elimu maalumu, nimepita Patandi, chuo cha walimu wa elimu maalumu. Wakati wangu fani zilikuwa tatu: wasioona, viziwi, ulemavu wa akili. Usonji tuliusoma ndani ya hiyo ya tatu kama mada. Nimetoka hapo na cheti changu, nimepangwa shule ya kawaida, nafundisha Hisabati darasa la pili lenye watoto 137. Mia moja thelathini na saba. Mtoto mmoja akiingia chini ya dawati, 136 wanainama kuchungulia.

Ruzuku ya serikali shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, na sehemu yake inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Piga hesabu hapo utoe mshahara wa msaidizi. Tangu elimu bila malipo ianze 2016, nikimwambia mzazi achangie hata mia mbili nasimamishwa. Sasa huyo mwalimu mkuu aliyesema "watafutie shule zao" angesema nini?

Baba Ima
Angesema "sijui nifanye nini, tuandike wote halmashauri." Hilo halina bajeti.

Chaki Nyeupe
Unajua mwalimu mkuu akiandika hivyo anaonekanaje? Haya.

Baba Ima
Najua. Nisamehe kwa la kufagia, haikuwa kwako.

Mie na Katiba
Sheria mnaisahau. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2012 iko wazi kabisa, shule haimfukuzi mtoto.

Chumvi Kidogo
Ni ya 2010, Namba 9. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu ndio tuliuridhia 2009, na Ibara ya 24 ndiyo ya elimu. Sheria inasema mtoto mwenye ulemavu asome shule za kawaida na apewe huduma za usaidizi anazohitaji. Kwa hiyo "hakuna kifungu cha bajeti" si jibu la kisheria, ni jibu la mtu wa dirishani.

Mie na Katiba
2010, sawa. Kosa la kidole.

Debe Tupu
Sheria ya 2010, watoto 137 darasani. Hiyo sheria wamesomewa hao 137?

Mwana wa Malindi
Huku kwetu hii ya kusoma darasa moja na wenzao tunaita elimu mjumuisho, wizara ina kitengo chake kabisa. Nyie "jumuishi". Jumuishi ni sifa, mjumuisho ni tendo. Mmeanza na sifa, ndio maana tendo halionekani.

Debe Tupu
Umetoka kwenye rangi umeingia kwenye sarufi.

Pwani Tulivu
Mimi naogopa kusema, ila dada yangu anaamini ni chanjo ya surua.

Chumvi Kidogo
Mwambie kwa upole. Hiyo ilitokana na andiko la daktari Wakefield wa Uingereza, 1998, watoto 12. Jarida la Lancet lililolichapisha lililiondoa 2010, na yeye akafutiwa leseni mwaka huohuo. Surua yenyewe inaua watoto. Hilo tuliishie hapo, tafadhali, maana mlango huo ukifunguka hatulali.

Kipanga Mweusi
Mnajibu kila kitu isipokuwa pesa. Watoto wangapi? Kama ni watatu kwa kata, unajenga kitengo cha nini? Wapelekwe bweni mjini, wakae na wataalamu.

Chumvi Kidogo
Shirika la Afya Duniani limekuwa likikadiria takriban mtoto 1 kati ya 100. Shule ya watoto 1,500, na Dar zipo, hao ni kama 15. Hawaonekani kwa sababu wako ndani nyumbani, au wameandikwa "mtukutu".

Mama Wawili
Bweni? Mwanangu hawezi kusema "naumwa tumbo". Hawezi kusema nani kamshika wapi. Kipanga, hilo la katuni nilikuachia, nimezoea. Hili la bweni usilirudie. Serikali yenyewe 2023 imezuia bweni kwa watoto wa darasa la kwanza hadi la nne wasio na tatizo lolote, kwa sababu wanahitaji wazazi. Wa kwangu ndiye hahitaji?

Kipanga Mweusi
Nimekosea hapo. La bweni nalifuta. La televisheni bado.

Mama Pili wa Laela
Baki nalo, likulinde.

Chaki Nyeupe
Mama Wawili, kwa swali lako la mwanzo, maana naona hatujalijibu. Msigawanyike. Mimi ningeomba chumba kimoja na mwalimu mmoja ndani ya shule ileile ya jirani. Asubuhi watoto wawe kitengoni, mtoto akizoea anaingia darasa la kawaida kipindi cha michezo, cha kuchora, baadaye masomo. Akizidiwa na kelele ana pa kurudi. Kengele wabadilishe, wapige filimbi au mwalimu apite mlangoni. Hilo la kengele halihitaji TAMISEMI. Na muulizeni Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri ni walimu wangapi wa fani hiyo wamepangwa kufundisha masomo ya kawaida kwenye kata zenu. Msiombe mwajiriwa mpya kabla hamjajua hilo. Huenda yupo, anafundisha Hisabati.

Mama Wawili
Mwalimu, hili sikuwahi kulifikiria. Asante.

Baba Ima
Barua yenu mlimwandikia nani? Mna nakala yenye muhuri wa "imepokelewa"?

Mama Wawili
Tulimpa kijana wa masjala. Muhuri hatukuomba.

Baba Ima
Basi hiyo barua haipo. Andikeni upya kwa Mkurugenzi, nakala kwa Afisa Elimu na diwani. Majina yote 14 na umri wa kila mtoto. Mpeleke nakala mbili, moja igongwe muhuri na tarehe mrudi nayo. Siku 14 zikipita mnarudi na ile yenye muhuri. Mimi niko Pugu, Jumatatu niko huru asubuhi. Mkitaka mwanaume wa kusimama dirishani, nipo.

Mama Pili wa Laela
Na yule wa kwenye pikipiki mje naye.

Baba Ima
Nitamwambia. Atakaa nje.

Mwana wa Malindi
Mungu awafanyie wepesi. Na Debe, nimemuuliza baba. Mtaani kwetu zilikuwa seti mbili. Lakini za rangi.