Konveta ya AV kwenda HDMI: picha inaboreka kweli?

Mwanzisha mada: Wakuu, habari za jioni. Nimenunua flati ya 4K, inchi 55. Nina king'amuzi nilichokifunga kwa waya za AV (zile za njano, nyekundu na nyeupe), na deki ya VHS yenye kanda za harusi ya wazazi wangu. Picha ina ukungu na nyuso zimetanuka. Dukani wananiambia nichukue konveta, kiboksi cha kugeuza AV kuwa HDMI, eti kila kitu kitakuwa 1080p, yaani picha kali ya HD. Ninunue?

Fundi Waya: Mkuu, kabla hujatoa hata shilingi, geuza hicho king'amuzi uangalie nyuma. Vingi vina tundu la HDMI ambalo watu hawaligusi. Chomeka, ingia kwenye setingi, chagua 1080. Waya wa njano unabeba mwanga na rangi vikiwa vimechanganywa, na kilichopotea humo hakuna konveta inayokirudisha. Picha ya AV, ikihesabiwa 720 kwa 576, ni pikseli (vidoti vya picha) 414,720. TV yako ina 8,294,400, mara 20 kamili. Zinazopungua lazima zikisiwe. Konveta itakisia hadi 1080, halafu TV ikisie tena hadi 4K, wakati chipu ya TV kwa kawaida inaifanya kazi hiyo vizuri kuliko konveta ya bei rahisi.

Mama Kanda: Kwa king'amuzi naungana na fundi. Kwa deki, inategemea TV. Ya kwangu haina AV kabisa, bila konveta nisingeona kitu. Picha ni ileile ya zamani, haijawa kali zaidi, lakini naiona, na kwangu hilo linatosha. Angalia maandishi juu ya kiboksi: kuna AV kwenda HDMI na HDMI kwenda AV. Vinafanana kama mapacha na kimoja hakifanyi kazi ya mwenzake. Mimi nilirudi dukani kubadilisha.

Mzee wa Gemu: Nyuso kutanuka ni picha ya 4:3 (umbo la TV za zamani) iliyovutwa hadi 16:9 (umbo la flati). Irudishe 4:3 kwa rimoti, ni bure. Kuna vifaa vya maana vya kukuza picha za zamani kama RetroTINK 5X, mimi natumia kwa gemu za zamani. Ile michirizi ya meno ya kitana kitu kikikimbia inapungua sana, na kitufe hakichelewi. Ila ni ghali, na kwa kanda chache za harusi sikushauri.

Mwanzisha mada: Asanteni sana. Nimechomeka HDMI sasa hivi, maandishi ya chini kwenye taarifa ya habari yanasomeka hadi nikiwa jikoni! TV ina tundu dogo la AV, kwa hiyo konveta naiacha. Ila kanda mbili zina utando mweupe pembeni. Nizicheze hivyohivyo?

Fundi Waya: Hapana, usizitie kwenye deki kabisa! Hiyo ni fangasi, inahamia kwenye hedi, sehemu ya deki inayosoma kanda, na kuambukiza kanda nyingine. Zitenge, tafuta anayesafisha na kunakili, na hela ya konveta ielekeze huko.