Amepaka rangi nyeusi kinyago cha mtoto, kisha akaninyooshea mimi brashi mbele ya wazazi

Binti Shangani (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika haya kabla sijavua hata viatu, na kiatu cha kushoto kina tone la rangi nyeusi ambalo sitalifuta mpaka mtu fulani aombe radhi. Simtaji. Kila aliyewahi kukanyaga makumbusho yetu hapa Mtwara anamjua: yule bwana wa kizibao chenye mifuko mingi kuliko makabati ya makumbusho yenyewe, anayetembea na filimbi shingoni kana kwamba watoto ni timu ya taifa, na anayekohoa mara tatu kabla ya kusema neno lolote, hata akiwa anaomba chumvi.

Leo tulikuwa tunafunga kambi ya sanaa ya watoto ya likizo ya Juni. Mbele ya wazazi waliojaa kwenye viti vya plastiki vya kukodi, bwana huyo alikohoa mara tatu, akaninyooshea brashi, akasema, "Huyu mtarajali ndiye aliyekiharibu." Brashi ilikuwa mkononi mwake. Ilikuwa inachuruzika rangi nyeusi, na hilo tone lililoko kwenye kiatu changu ndilo lililodondoka pale pale alipokuwa akinisingizia.

Niwaeleze kilichotangulia. Niko kwenye mafunzo kwa vitendo, hii ni wiki ya sita, silipwi, napewa nauli ya bajaji, na hiyo nauli nayo huja imechelewa kama mgeni aliyepotea njia. Sikulalamika. Watoto walikuwa 22, mdogo kabisa ana miaka sita. Gundi ya dukani ilikwisha siku ya pili, na aliyepaswa kununua nyingine alikuwa ofisini anakohoa, kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa nakoroga gundi ya unga wa muhogo kwenye sufuria yangu mwenyewe niliyotoka nayo nyumbani. Tuliloweka magazeti, tukayapachika tabaka juu ya tabaka kwenye mabakuli yaliyopakwa mafuta ya kula, tukayaanika barazani panapopita upepo wa kusi, na siku ya tatu tukayabandua tukapata vinyago vya usoni.

Sasa kuna binti mmoja wa miaka saba. Nilikuwa nimewasimulia watoto kwamba vinyago vya zamani vya mapiko, ngoma ya Wamakonde ya kuvaa vinyago, vilitiwa nywele halisi za watu, na kwamba chale za usoni wazee walikuwa wakiziunda kwa nta ya nyuki. Binti huyo hakusema kitu. Kesho yake alikuja na kipande cha mshumaa alichokifunga kwenye pembe ya kitenge, akaniomba nimyeyushie, kisha akadondosha matone saba shavu hili na saba shavu lile, akiyahesabu kwa sauti, ulimi ukiwa umetoka nje kwa kukaza akili. Nywele akaweka za katani. Uso wote akaupaka kijani cha jani bichi la mkorosho. Nilipomuuliza kwa nini kijani, alisema kwamba yule ni babu yake, na babu amezikwa chini ya mkorosho.

Nilikiweka kinyago hicho mstari wa mbele. Asubuhi ya leo bwana wa kizibao akaja na kopo la rangi nyeusi ya mafuta, akasema kwamba vinyago vya Wamakonde ni vyeusi na kwamba wageni wakiona kijani watatucheka. Nilikimbilia kuleta viti. Niliporudi, babu wa mtoto alikuwa mweusi mpaka kwenye nywele za katani, na zile chale kumi na nne zilikuwa zimezama kwenye rangi kama mashimo ya barabara wakati wa masika. Rangi ya mafuta juu ya rangi ya maji, wakuu, haina dawa.

Mtoto akaingia ameshika mkono wa bibi yake. Akatazama meza yote. Akaniuliza, "Mwalimu, babu yuko wapi?"

Hapo ndipo kikohozi kilipokuja. Hapo ndipo brashi iliponyooshwa. Bibi alinigeukia, nami nikamwamkia, "Shikamoo, bibi," kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Hakuitikia. Nimezaliwa hapa, nimekulia hapa, sijawahi kumwambia mtu mzima shikamoo ikaanguka chini isiokotwe. Brashi ilikuwa mkononi mwake yeye, na shikamoo yangu ndiyo iliyokataliwa.

Ming'oko Mbichi

Pole sana, dada. Huyo bwana namjua vizuri, nilipita mikononi mwake likizo ya mwaka juzi. Mtoto mmoja alimchora pweza mwenye mikono kumi na mbili, naye akaikata minne kwa wembe, akisema kwamba pweza ana minane na makumbusho ni mahali pa elimu. Wazazi walipofika, aliwaambia kwamba karatasi ililiwa na panya. Kwa hiyo wewe una nafuu kidogo, mwenzio nilifanywa kuwa mfuga panya.

Mzee wa Kusi

Binti, pole, lakini nimehesabu: neno "brashi" limetajwa mara nyingi kuliko jina la Mtwara. Jambo ambalo sikuliona ni wewe kufungua mdomo. Brashi iko mkononi mwake, rangi inadondoka, wazazi wamejaa uwanja mzima, nawe unatoa shikamoo. Ungesema, "Tazameni mkono wake," na shauri lingekwisha hapo hapo. Vijana wa siku hizi mnaweka akiba ya maneno kwa ajili ya mtandaoni.

Binti Shangani

Mzee wangu, shikamoo. Daftari langu la mafunzo linasainiwa na yeye. Zimebaki kurasa nne. Bila saini yake wiki sita zote zinakuwa sikwenda popote, na chuo hakitauliza habari za mkorosho wala za nta ya mshumaa. Hiyo ndiyo sababu nilinyamaza, na kunyamaza ndiko kunakoniuma sasa. Lakini mzee, ungeiona ile brashi! Hakuificha hata nyuma ya mgongo. Aliinyoosha kama mtu anayeonyesha njia ya kwenda Mikindani.

Fundi Randa

Mimi ni mchongaji, na kazi hii nimeirithi kwa baba yangu. Naomba niseme jambo moja kuhusu hiyo hoja ya weusi, kwa sababu imeniudhi kuliko brashi. Kinyago cha kuvaa kwenye mapiko hakichongwi kwa mpingo. Kinachongwa kwa mti mwepesi, kwa sababu mchezaji anakivaa kichwani na anacheza kwa nguvu, huku mpingo ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama. Sanamu nyeusi za mpingo, zile za ujamaa za watu waliopandana mabegani na zile za shetani, ni kazi nyingine na soko lake ni jingine. Tena hata mpingo wenyewe hauwi mweusi wote. Ukiukata, sehemu ya nje ni nyeupe yenye umanjano, weusi uko kwenye kiini. Mtoto aliyepaka kinyago chake kijani alikuwa karibu na asili kuliko huyo aliyemsahihisha. Kupaka weusi juu juu ni kazi ya wale wauza sanamu za mti laini zilizosuguliwa rangi ya viatu, wanaowaambia watalii kwamba ni mpingo.

Na kama bwana huyo anasoma hapa, akumbuke kwamba kuna kinyago cha Kimakonde kilichoibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984, kikaenda kuonekana Geneva, na mwaka 2010 kikarudishwa nchini. Wenye makumbusho ya kule, pamoja na yote, hawakukipiga rangi.

Kwa kuwa tumefungua ukurasa huu, nami nina langu. Niliitwa kwenye kambi hiyo hiyo kufundisha kuchonga. Siku nzima nilitumia patasi zangu, mbao zangu na jasho langu, na jioni nikapewa soda moja ya tangawizi, ya moto, nikaambiwa chupa nirudishe.

Mama Wawili

Fundi, heri wewe ulipewa soda. Mwanangu alikuwa kwenye kambi hiyo mwaka jana, nikalipia chakula cha mchana cha wiki mbili, akawa anarudi nyumbani na njaa ya mtu aliyetoka shamba. Nilipouliza niliambiwa kwamba watoto wanakula ming'oko, ile mizizi ya porini ya huku kwetu, kwa ajili ya kudumisha utamaduni. Ming'oko naipenda na nimekuzwa nayo, lakini siku kumi mfululizo?

Mlindi Halisi

Nyinyi wa Mtwara mnalia na brashi. Njooni Lindi muone msiba. Nilikuwa mtarajali kwenye kambi ya watoto huku kwetu, na kwa wiki nzima nikawasimulia habari za mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria wa kale: kwamba mifupa yake ilichimbwa hapa mkoani kwetu kati ya mwaka 1909 na 1913, kwamba waliochimba na kuibeba kwa miguu mpaka bandarini Lindi walikuwa babu zetu, na kwamba leo amesimamishwa Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Watoto wakapagawa. Mmoja akapanda juu ya mwembe ili aone mita 13 ni juu kiasi gani, tukamshusha kwa ngazi. Wote wakataka kumchora kwa ukubwa wake halisi kwenye ukuta wa nyuma na uwanjani.

Msimamizi wetu akakataa, akasema rangi na karatasi ni za bajeti. Akachukua karatasi za A4, akazikata vipande vinne vinne, akampa kila mtoto robo. Mjusi wa mita 13 kwenye robo ya karatasi! Mtoto mmoja alichora ukucha tu, akaniambia kwamba mwili wote umebaki Ujerumani. Niliondoka pale chozi likinilenga.

Ming'oko Mbichi

Mlindi, hiyo ya ukucha umenimaliza kabisa. Huyo mtoto apewe makumbusho ayaendeshe yeye.

Mwana Kivinje

Sisi wa Kilwa hatukupewa hata hiyo robo. Tulivushwa kwa mashua kwenda Kisiwani na watoto kumi na tano ili wachore magofu, mahali ambapo pamo kwenye Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981. Watoto wamekaa vizuri mbele ya Husuni Kubwa, wamefungua madaftari, wengine wameshaanza kuchora lile bwawa la pembe nane, na kiongozi wa safari akatangaza kwamba maji yanatoka, mashua itakwama, turudi. Tulikuwa tumekaa dakika ishirini. Nahodha mwenyewe alisema maji bado yapo mengi sana. Ukweli ni kwamba kiongozi alikuwa amesahau chakula chake ng'ambo. Watoto wakamalizia kuchora Husuni Kubwa darasani kwa kukumbuka, na bwawa la pembe nane likapata pembe tano, sita, moja likawa la mviringo.

Mzee wa Kusi

Mwana Kivinje, maji ya kule hayachezewi. Nahodha anasema hivyo kwa sababu mashua ni yake. Hapo kiongozi hakukosea.

Mwana Kivinje

Mzee, nimezaliwa Kivinje, baba yangu mvuvi. Maji nayajua. Kilichokuwa kinatoka pale ni njaa.

Binti Shangani

Wakuu, nawashukuru wote, lakini naomba turudi kwenye jambo lenyewe. Kesho nimepanga kwenda nyumbani kwa yule bibi. Nimepata rangi ya kijani na nimeloweka magazeti usiku huu, na nimenunua mshumaa. Swali langu ni dogo: niende na kiatu hiki chenye tone, nimwonyeshe lilivyodondoka, au nisikitaje kabisa kisa cha brashi mpaka atakapoitikia salamu yangu? Tafadhali mwenye hekima anishauri. Brashi ilikuwa mkononi mwake.

Fundi Randa

Mlindi Halisi, mlishindwaje kuunganisha hizo karatasi? A4 ina urefu wa sentimita 29.7. Mkizisimamisha moja juu ya nyingine, karatasi 44 zinatosha kufika mita 13. Bajeti gani hiyo ya kushindwa karatasi 44?

Mlindi Halisi

Fundi, hizo 44 ni za mstari mmoja tu, yaani mjusi mwenye unene wa fimbo. Tumbo lake je? Na mkia?

Mama Wawili

Mkia ulazwe chini barazani, watoto wakae pembeni wapake rangi. Mimi nitachangia bunda moja la karatasi, mradi mwanangu asilishwe ming'oko.

Mwana Kivinje

Hizo 44 hazitoshi hata kwa huo mstari mmoja. Lazima zipishane kidogo ili gundi ishike. Mkipishanisha sentimita mbili mbili, zinakwenda 47.