Gumzo la ukoo: Hiace inapiga stata, haiwaki

Baba Neema: Wazee, shikamooni. Hiace yenye injini ya dizeli ya 5L inapiga stata kwa nguvu ila haiwaki. Jana jioni imebadilishwa filta ya dizeli, ikawaka, ikalala nje. Tangi lina robo tatu.

Mjomba Idi: Marahaba. Acha stata kwanza. Sekunde 10 tu kwa mkupuo, halafu dakika nzima ipumzike, la sivyo utaunguza mota na kumaliza betri. Ukipiga, ekzosi inatoa moshi?

Baba Neema: Hakuna hata kidogo.

Salma: Kwa baridi ya Njombe mimi ningeanza na heta plagi, zile za kupasha silinda moto kabla ya kuwasha.

Mjomba Idi: Hapana mwanangu. Heta plagi zikifa, dizeli inaingia kwenye silinda bila kuungua, inatoka moshi mweupe wenye harufu kali. Hapa hakuna moshi, maana yake dizeli yenyewe haifiki. Plagi utazipima baadaye: zikiwa baridi zisome chini ya omu 1, isiyosoma kitu imekatika.

Fundi Daudi: Sahihi. Imebaki umeme wa pampu ya dizeli, au hewa iliyoingia kwenye njia ya dizeli. Anza na umeme, ni dakika moja. Nyuma ya pampu, karibu na yanapotokea mabomba ya nozeli (vipulizia dizeli kwenye silinda), pana solenoidi ya kuzimia, yaani vali ya umeme inayofungua na kukata dizeli, ina waya mmoja. Mtu afungue swichi bila kupiga stata, wewe sikiliza. Lazima ilie "tak". Isipolia, pima pale kwenye waya: volti 12 zikiwepo solenoidi imekufa, zisipokuwepo fuata fyuzi.

(Hiyo ni ya 5L ya kawaida. 5L-E ina pampu ya kompyuta, usiifuate hivi.)

Baba Neema: Inalia tak.

Fundi Daudi: Basi ni hewa. Bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka igome, yaani iwe ngumu.

Baba Neema: Nimebonyeza mara 40, bado laini.

Shangazi Tumaini: Jirani anasema ipuliziwe spirei ya kuwashia kwenye njia ya hewa, au isukumwe.

Fundi Daudi: Shangazi, shikamoo, tafadhali mzuieni! Spirei ikikutana na heta plagi ya moto inalipuka kabla pistoni haijafika juu. Ringi zinavunjika, hata pistoni inapasuka. Na kusukuma hakuleti dizeli.

Baba Neema: Lakini chini ya filta pakavu kabisa, hapavuji.

Fundi Daudi: Ukavu usikudanganye. Upande ule wote pampu inavuta. Penye upenyo dizeli haitoki, hewa ndiyo inaingia. Gari likilala, dizeli inarudi tangini.

Salma: Fungua filta uangalie mambo mawili: mpira wa filta ya zamani kama umeganda juu, mpya ukakalia juu yake, na oringi (pete ya mpira) ya kihisi cha maji kule chini, kile kinachohamishwa kutoka filta ya zamani.

Baba Neema: Oringi ya kihisi imebanwa vibaya, imekatika.

Fundi Daudi: Ndiyo hiyo. Weka mpya ya saizi ileile, ya kuhimili mafuta. Jaza filta dizeli safi, paka dizeli kwenye mpira, zungusha kwa mkono mpaka iguse, ongeza robo tatu ya mzunguko. Usitumie spana. Bonyeza pampu ya mkono mpaka igome. Kisha kwa spana namba 17 legeza nati za mabomba kwenye nozeli zote nne, mzunguko mmoja tu. Funika kwa kitambaa, mikono na uso viwe mbali. Piga stata mpaka dizeli itoke bila povu, kaza, pasha heta, washa.

Baba Neema: IMEWAKA! Inatetemeka kidogo.

Fundi Daudi: Hewa ya mwisho inatoka. Iache sailensa (iungurume bila kukanyaga mafuta) dakika 5, kagua nati zote nne kama zinavuja. Kesho asubuhi, kabla ya stata, bonyeza pampu ya mkono. Ikigoma mara mbili tatu za mwanzo, imeziba vizuri. Ikiwa laini, weka mpira unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu: mapovu yakipita, upenyo uko kabla ya hapo, kwenye filta au mipira ya kutoka tangini.

Mjomba Idi: Nitapita saa 12 asubuhi na mpira wa kuangalizia.