Tupeane uzoefu: kambi ya ziwani, chungu kimoja na mtumbwi wa kukodi

Ndizi Mshale (mleta mada)
Wakuu, habari za Jumapili. Mwisho wa mwezi tunashuka Matema, Ziwa Nyasa. Familia tano, vichwa 18 ukihesabu na watoto. Mwenzetu mmoja amenunua lile trela la kulala, lina jiko kwa nyuma na friji, kwa hiyo tangu alipolileta kundi la WhatsApp halilali. Mimi nimepewa idara ya chakula. Mpango wangu: Ijumaa usiku tunakula tulichobeba, Jumamosi alfajiri wanaume wanakodi mitumbwi wanavua, jioni ni samaki. Mke wangu kausoma, kacheka, kaniuliza, "Na wasipopata?" Nimekosa jibu mpaka sasa. Mliowahi kukaa kambi za namna hii, chungu kimoja watu wengi, mwageni yaliyowakuta. Hasa pale mambo yalipoharibika.

Kitunguu Maji
Mke wako ana akili. Mpe yeye hiyo idara.

Mama Pacha
Umenikumbusha Pasaka moja huko huko Matema. Tulikubaliana kila mtu alete kitu, hatutaki mambo ya kuchangishana hela. Tumefika, tumefungua mabuti ya magari. Nyanya ndoo tatu. Mayai trei saba. Mchele wa Kyela kila nyumba imeleta, kilo ishirini na kitu, kana kwamba tunakwenda kuufungulia duka huko huko unakolimwa. Chumvi? Kimya. Mafuta ya kupikia chupa moja ndogo, na kiberiti tuliomba kwa mlinzi.

Halafu mvua. Mnaoijua Kyela mwezi wa nne mnajua ninachosema, ile mvua haina adabu. Tulikuwa tunategemea kuni za kuokota. Kuni zikalowa, mkaa umebaki nusu gunia chini ya turubai linalovuja. Usiku ule tumekula mayai ya kuchemsha bila chumvi, watu kumi na wanne, tumejibanza ndani ya Noah. Mwanangu mmoja hadi leo hagusi yai.

Ushauri wangu: changeni hela, mtu mmoja anunue, na orodha ikae kwenye karatasi. Simu huzima.

Ndizi Mshale
Dada, hiyo ya nyanya ndoo tatu nimeielewa mno. Sisi mpaka sasa watu wanne wamesema "nitaleta vitunguu".

Mbavu za Mbwa
Napinga. Ukichangisha hela utaandikiwa na kutangazwa mwizi. Niliwahi kushika mchango wa kambi, nikanunua gesi, nyama, maji. Mtu amekula siku tatu halafu siku ya kuondoka anataka risiti ya maji. Kila nyumba ipike chungu chake, mnakutanisha sahani tu.

Mama Pacha
Huo sasa si mkusanyiko, hiyo ni stendi.

Mtoto wa Ujiji
Nyie mna bahati mlikosa chumvi. Sisi tulikosa ziwa.

Juni 2024 nimewashawishi wenzangu wa Dodoma twende kwetu Kigoma, nikawajaza maneno: migebuka ya kuchoma, dagaa wabichi, mtakula mpaka mchoke. Tumebeba ndoano, mishipi, kila kitu, hatujabeba kitoweo hata kidogo maana tunakwenda ziwani. Tumefika naambiwa na mjomba, "We hukusikia? Ziwa limefungwa." Ziwa Tanganyika lilisimamishwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka ule, samaki wapate kuzaliana. Mitumbwi imelala mchangani kama kuku wenye kideri. Wiki nzima tumekula maharage, tunatazama maji. Ile njia ya kurudi Dodoma sikuongea na mtu.

Kwa hiyo Ndizi Mshale, kabla ya kuuliza chungu, uliza kama uvuvi umeruhusiwa na kama mnahitaji kibali. Nenda kwa watu wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe wa pale, hao ndio wanajua.

Kitunguu Maji
Kuku wenye kideri 😂😂

Sabato Njema
Sisi samaki tulipata. Kambale watatu, wakubwa, mmoja kama mkono wa mtu mzima. Wavuvi wetu wamerudi wanaimba. Tatizo nusu ya kambi tulikuwa Wasabato, na kambale hana magamba. Watu wamekaa mezani wanatazamana. Mwenyeji akasema basi wasiokula wale mchuzi tu. Mchuzi wa nini sasa, kaka? Nilikula wali na pilipili.

Ulizeni mapema nani hali nini, isije ikawa aibu ya mezani. Na hapo sijagusa kitimoto kuwekwa friji moja na vyakula vya Waislamu, hiyo nimeona ikivunja kambi saa mbili usiku, watu wanang'oa mahema.

Kafi Moja
Nilikuwa napita tu, ila hilo neno "mitumbwi ya kukodi, Matema" limenishika koo. Ngoja niseme.

Mwezi wa nane, miaka kadhaa nyuma. Tulikuwa watu 14, mama mkwe akiwemo. Asubuhi tumekodi mtumbwi kwa mzee mmoja, mtumbwi wa gogo, ile ya kuchongwa. Mzee katuangalia, katuuliza mko wangapi, tukasema wawili. Akasema sawa, rudini kabla ya saa nne, upepo wa kusini ukiamka mtajua hamjui. Tukaitikia shikamoo nyingi. Alipogeuka mgongo tukaingia wanne.

Sasa wenyewe mnaujua mtumbwi wa gogo. Chini ni mviringo, hauna pa kukalia, unakaa chini kabisa magoti juu. Shemeji yangu, aliyekuwa ndiyo kwanza amemposa dada yangu, ana suruali nyeupe. Hataki kulowa. Akachukua kisanduku cha barafu, kile cha buluu chenye kifuniko, akakigeuza kiti. Ndani ya kile kisanduku kulikuwa na nyama yote ya kambi, kilo kumi, hakuna aliyekumbuka kuitoa.

Tumevua. Kusema kweli tumeogesha chambo. Saa nne imepita, saa tano, mmoja anasema bado kidogo wameanza kugusa. Mara nikaona maji kule mbali yamebadilika rangi, kama mtu amekunja shuka. Upepo ukaja. Haukuja kidogo kidogo, umekuja na mawimbi yake tayari. Mmoja anafua maji kwa kopo, mimi napiga kafi, na kafi ni moja, lile la pili tumeliacha ufukweni kwa sababu lilikuwa linatubana. Shemeji kakaa juu ya kisanduku, yaani yeye ndiye mlingoti. Wimbi la tatu au la nne, nikasikia tu anasema "jamani", kwa sauti ya upole kabisa, kama mtu anayeomba chumvi mezani. Tukapinduka.

Watatu tulijua kuogelea. Shemeji hajui. Nilipotoa kichwa majini nilimtafuta, sikumwona, na hapo ndipo nilijua maana ya tumbo kukata. Nikazunguka. Kumbe yuko nyuma yangu, amekumbatia kile kisanduku kwa mikono na miguu, kinaelea, macho yamefumba, anasali kwa sauti. Nikamwambia usikiachie. Hakuwa na mpango wa kukiachia. Kifuniko kimefunguka, nyama inatoka vipande vipande inazama, na yeye anaisindikiza kwa macho.

Vijana waliokuwa wanarudi kutoka upande wa Ikombe na mzigo wa vyungu ndio waliotuchukua, wawili wakapanda, wawili tukashikilia ubavuni. Ufukweni mama mkwe ameshaweka maji ya nyama jikoni yanachemka. Hakuuliza samaki. Aliuliza, "Kisanduku kiko wapi?" Shemeji akakinyanyua, kitupu.

Tulikula wali na usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, tulinunua mafungu manne kwa watoto pale pale ufukweni. Utamu wake sitausahau. Mtumbwi mzee aliupata mwenyewe jioni, umetupwa kwenye mchanga mbele kidogo. Nilimpelekea hela ya usumbufu, akaipokea, akaniuliza swali moja tu: "Saa nne ilipofika mlikuwa mnatazama nini?"

Kitunguu Maji
Mkuu. Nimesimama katikati ya ofisi.

Bishoo wa Makumbusho
Chai. Kisanduku chenye kilo kumi za nyama kinaelea na mtu mzima juu? Fizikia gani hiyo?

Kafi Moja
Hakuwa juu, alikuwa amekikumbatia, mwili uko majini. Na nyama ilikuwa inatoka. Jaza hewa ndoo yenye mfuniko kesho ujaribu kuizamisha, halafu njoo hapa.

Bishoo wa Makumbusho
Na suruali nyeupe?

Kafi Moja
Ilipata rangi yake.

Sabato Njema
Muhimu zaidi, ndoa ilifungwa?

Kafi Moja
Wana watoto wawili. Ziwani haendi.

Mnyantuzu
Mnacheka. Hapo walikuwa wanne, mtumbwi wa watu wawili, hakuna jaketi okozi hata moja. Sisi tuliokuwa Mwanza 21 Mei 1996, siku MV Bukoba inazama, hatuna ucheshi wa maji. Mleta mada, usiruhusu mtoto wala mtu mzima apande mtumbwi bila jaketi. Kama hamna majaketi, hakuna kuvua.

Mbavu za Mbwa
Mkuu, babu zetu wamevua miaka na miaka kwa mitumbwi hiyo hiyo, hawajawahi kuona jaketi.

Mnyantuzu
Babu zako walirudi saa nne.

Mbavu za Mbwa
😂 Haya, nimekaa chini.

Wa Nakuru
Salamu kutoka Kenya. Huku kambi zetu ni Naivasha, na shida si upepo sana, ni kiboko. Usiku anatoka kula nyasi, kwa hivyo pale tulipolala kuna uzio wa umeme upande wa ziwa. Kijana mmoja wetu alitaka kwenda na mtumbwi alfajiri kabisa karibu na mafunjo kuvua tilapia. Mwenye kambi alimwambia yale mafunjo ni nyumba ya mtu. Alirudi kulala. Sisi huwa tunanunua samaki kwa wavuvi, tunavua kwa ajili ya picha. Na omena mkaange wakiwa wakavu, si lazima samaki mkubwa.

Mtoto wa Ujiji
Wanaitwa dagaa.

Wa Nakuru
Wanaitwa omena.

Mnyantuzu
Dagaa. Sehemu kubwa ya Ziwa Victoria iko upande wetu.

Ughaibuni Baridi
Niko Minnesota, jimbo ambalo hata namba za magari zimeandikwa maziwa elfu kumi. Mimi hiyo trela ninayo, iliyotumika, mwaka wa tatu sasa. Kila kiangazi tunakusanyika Waswahili, Watanzania, Wakenya na Wakongo, trela na mahema. Huku kuvua ukiwa na miaka 16 kwenda juu lazima leseni, na kwenye mtumbwi kila kichwa kina jaketi lake, watoto chini ya miaka 10 lazima walivae. Mwaka wa kwanza tulidhani ni mbwembwe. Afisa alikuja kwa boti yake, taratibu, anatabasamu, na alituandikia faini akiwa bado anatabasamu.

Chakula tunagawa hivi: kila usiku ni wa nyumba mbili, wengine wote hawagusi jiko, wanaosha vyombo. Usiku wa Wakongo hakuna anayelala mapema, kuna pondu, yaani kisamvu, na samaki wa kuchoma. Samaki tunaovua wenyewe ni nyongeza tu. Kuna mmoja mrefu mdomo kama wa bata, nyama tamu ila miba yake imegawanyika kama panda, tulimkaanga mzima bila kujua, kambi nzima ikawa kimya kila mtu anatafuta miba kwa ulimi.

Ila mkuu, hiyo friji ya trela, muulize mwenyewe ni ya namna gani. Ile ya gesi inataka trela likae sawasawa. Yangu niliiegesha kwenye mteremko, asubuhi maziwa yamekuwa mtindi na kuku ananuka. Na kama ni ya betri, mkishinda na muziki mpaka usiku, betri ikifa friji nayo imekufa.

Mama Pacha
Hapo kwenye wengine waosha vyombo, mmeandikisha na wanaume au ni sisi tena? Maana nimesoma huu uzi wote, wanaume wanavua, wanapinduka, wanasimulia. Maji ya nyama yanachemshwa na mama mkwe.

Ughaibuni Baridi
Wote, dada. Mimi ndiye wa masufuria.

Mama Pacha
Nakuombea maisha marefu.

Kitunguu Maji
Nyongeza ndogo: matumbo ya samaki msisafishie karibu na mahema. Mbwa wa ufukweni wana kikao chao saa tisa usiku.

Mwana Lufilyo
Mimi ni wa huko huko. Mkipita Tukuyu chukueni ndizi na maparachichi, mkifika Kyela mchele, hivyo msibebe kutoka mjini. Jumamosi kuna soko la vyungu Lyulilo, ni kutembea tu kutoka Matema, nunueni chungu cha Wakisi mpikie humo humo samaki. Mbasa mkimpata ni mtamu lakini ana miba, watoto muwachambulie. Samaki nunueni alfajiri mitumbwi inapotia nanga, msisubiri jua. Na msiende midomoni mwa mito kuogelea, kuna mamba.

Ndizi Mshale
Wakuu, nimesoma yote na mke wangu kayasoma pia, amesema hakushangazwa na lolote. Mpango mpya: Ijumaa maharage na ndizi, Jumamosi samaki wa kununua alfajiri, kuvua ni saa kumi na mbili mpaka saa tatu, wawili kwa mtumbwi, na majaketi nimeyapata ya kuazima sita. Hela zinachangwa, anashika mke wangu.

Tatizo jipya: nimempigia mwenye trela kumuuliza friji. Anasema ni ya gesi, na kwamba humo ndani na kwenye lile jiko la nyuma samaki hawaingii, harufu itaharibu makochi. Watu 18. Jiko langu mimi ni la mtungi wa kilo 6, sahani moja.

Mbavu za Mbwa
Si nilisema kila nyumba na chungu chake?

Mama Pacha
Mafiga matatu, mkaa gunia zima, turubai lisilovuja. Na huyo wa makochi ndiye alete chumvi.