Muvi za uhalifu za zamani zisizojulikana, utamu wake uko wapi?

Wakuu, kuna jamaa yangu anakusanya muvi za uhalifu za miaka ya 40 na 50, zile hata hazijulikani, picha ina mikwaruzo, waigizaji huwajui. Hivi mnapata nini humo?

Jibu: Mkuu zile zilitengenezwa kwa hela ndogo zisindikize muvi kubwa, tiketi moja unaona mbili, sasa mabosi walikuwa hawazifuatilii sana ndo maana unakuta stori chafu na mwisho mchungu. Cheki Detour ya 1945, haifiki hata dakika 70, ukungu kibao maana seti ya kuonyesha hamna 😂

Jibu: Mi napenda kuwinda. Woman on the Run (1950) kopi ya Marekani iliungua kwenye moto wa studio za Universal 2008, ikaja kuokolewa na kopi iliyokuwa Uingereza, yaani ilibaki kidogo tu ipotee.

Jibu: Tusidanganyane, nyingi ni takataka. Ila ukipata moja kali unasahau zote.

Muuliza swali: Hiyo Detour naipataje?

Jibu: Hakimiliki yake Marekani ilishaisha, imejaa mtandaoni bure. Tafuta ile iliyosafishwa 2018, zingine giza tupu.